Vichwa vitano, shingo moja: shajara ya vinyoleo vya wembe

5 Januari

Mke wangu amehesabu vipele 31. Eneo ni kuanzia chini ya taya hadi kwenye kongomeo, kushoto na kulia, saa 48 baada ya kunyoa kwa kinyoleo cha plastiki chenye nyembe tatu zilizopangana. Nimempiga picha kila upande mtu huyu wa kwenye kioo, na picha nimezihifadhi. Hapo ndipo tunapoanzia.

Ndevu zangu ni za kipilipili. Udevu wa aina hii hukua ukijipinda tangu ukiwa ndani ya ngozi. Ukikatwa chini ya usawa wa ngozi, ncha yake iliyochongoka hutoboa ukuta wa kinyweleo kabla haijatoka nje. Ukikatwa juu ya ngozi lakini karibu mno, hutoka, hupinda, kisha huchoma ngozi kutoka nje kama mwiba. Mwili huupokea kama kitu kigeni: ngozi huvimba, huwasha, wakati mwingine hutunga usaha. Wanaume wengi wa huku kwetu wanaishi na hali hii tangu ujana wakidhani ni ngozi mbaya au sabuni mbaya.

Nyembe zilizopangana zinaikoleza. Tangu Gillette ilipotoa Trac II mwaka 1971, kinyoleo cha kwanza cha kampuni hiyo chenye nyembe mbili, wazo limekuwa lile lile: wembe wa kwanza unauvuta udevu, unaofuata unaukata kabla haujarudi shimoni. Mwenye ndevu zilizonyooka hufurahia ulaini wake. Kwangu mimi kisiki kinabaki chini ya ngozi, na huko ndiko mwiba unakozaliwa.

Kwa hiyo narudi kwenye wembe mmoja. Swali ni kichwa kipi cha kinyoleo kiushike.

9 Januari

Ninavyo vitano. Nitaviita kwa herufi, kwa sababu ninachopima ni umbo, wala sitaki mtu asome shajara hii kama orodha ya kusifu na kuponda viwanda.

A ni cha mjomba, baharia, marehemu sasa. Hiki pekee nitakitaja jina kwa heshima yake: Gillette Tech, muundo uliotoka mwaka 1938. Vipande vitatu tu, yaani kofia, bamba la chini na mpini. Ukingo wake wa mbele, ule unaogusa ngozi kabla ya ncha ya wembe, ni mzima, hauna meno.

B kina meno kama kichana, kwa mtindo wa vinyoleo vya mwanzo kabisa vya King Camp Gillette, alivyoanza kuuza mwaka 1903. C ni kile ambacho kichwa chake kimepindishwa, upande mmoja juu na mwingine chini, ukikiona mara ya kwanza unadhani kimeharibika. Aina hii inajulikana zaidi kupitia Merkur 37C ya Solingen, Ujerumani. D ni cha kurekebisha: kuna pete yenye namba, ukiizungusha ukingo unasogea karibu au mbali na ncha ya wembe. Gillette iliuza chake chenye namba 1 hadi 9 kuanzia mwaka 1958, ndicho wapenzi wake wanachokiita Fatboy. E ni cha kisasa, cha alumini iliyochongwa kwa mashine, chepesi hata unasahau umekishika.

Fundi magari wa mtaani kwetu ameniazima filageji, yale mabamba membamba ya kupimia mwanya wa plagi. Nimefunga wembe uliokwisha kazi kwenye kila kichwa, nikawa napitisha bamba moja baada ya jingine kati ya ncha na ukingo hadi linapogusa bila kusukuma. Mianya, kwa milimita: A 0.60, B 0.80, C 0.75 katikati, E 0.70. D kwenye namba 3 ni 0.50, namba 5 ni 0.70, namba 7 ni 0.90.

Fundi aliponiuliza plagi ni ya gari gani, nikamwonyesha shingo. Akanyamaza, akafungua kola ya ovaroli yake akanionyesha ya kwake.

12 Januari

Sheria za jaribio. Kunyoa kila baada ya siku mbili, mara sita kwa kila kichwa. Wembe mpya mara ya kwanza na ya nne. Nyembe zote za aina moja, kutoka pakiti zilizonunuliwa siku moja, duka moja. Washabiki wa mpira wanaposema wembe ni ule ule wanamaanisha jambo jingine, ila hapa ni hivyo hasa. Kupitisha mara moja kwa mwelekeo wa ndevu, mara ya pili kwa pembeni, basi. Kinyume cha ndevu ni marufuku. Ngozi haivutwi kwa vidole. Baada ya hapo siku saba za kupumzika ili vipele vya zamani visiingie kwenye hesabu ya kichwa kinachofuata.

Mke wangu ndiye mhesabu, saa nne asubuhi, dirishani, saa 48 baada ya mara ya sita. Haambiwi ninatumia kichwa kipi. Vinyoleo vyote vinakaa kwenye mfuko wa kitambaa, na bafuni naingia nao.

26 Januari

A: vipele 17.

Kutoka 31 hadi 17 kwa kuacha tu nyembe tatu. Kichwa hiki ni kipole. Hakina sauti kubwa, hakikwaruzi, na hata mkono ukikosea pembe kidogo hakikuadhibu. Mwisho wa mara ya tatu ya kila wembe, hata hivyo, nilihisi kuvutwavutwa chini ya taya, mahali ambapo ndevu zimelala kwa mduara.

Nyembe zilizokwisha naziingiza kwenye kopo la maziwa nililolipasua tundu jembamba juu. Wenye watoto wafanye hivyo.

11 Februari

B kimeanguka. Mkono ulikuwa na povu, mpini ukateleza, kikadondoka kwa kona kwenye sakafu ya saruji. Jino la pembeni kabisa limepinda kuingia ndani. Filageji inasoma 0.80 upande wa kulia, 0.65 kwenye kona ya kushoto. Nilijaribu hivyo hivyo kwenye shavu, na kona ile inanasa na kuvuta kila inapopita.

Jambo hili ni la zamani. Gillette ilipobadilisha kichwa chake mwaka 1930, moja ya mambo iliyoyanadi ni kwamba kona za wembe zimekatwa na kona za kichwa zimeimarishwa, kwa sababu vinyoleo vya zamani vikianguka kona hupinda na wembe huanza kuvuta. Miaka minane baadaye Tech ikaja bila meno kabisa. Nimelielewa badiliko hilo leo, nimechuchumaa sakafuni na jino lililopinda mkononi.

Nimelinyoosha kwa koleo lililofungwa kitambaa, taratibu, nikipima kila mara. Limerudi 0.80. Naendelea.

17 Februari

B: vipele 19. Nilitegemea zaidi, kwa sababu mwanya wake ni mkubwa na sauti yake kali. Kwenye ndevu za siku nne kingekuwa kitamu zaidi, maana meno yanaacha povu na nywele ndefu zipite badala ya kuzilaza. Kwa ndevu za siku mbili sioni tofauti ya maana na A.

20 Februari

Leo nimefanya kazi ambayo ningepaswa kuifanya mwanzoni.

Mwanya hausemi yote. Chukua kofia na ukingo, uwazie kijiti kilichonyooka kinachogusa vyote viwili kwa wakati mmoja. Kijiti hicho ndicho ngozi yako kinyoleo kinapokaa sawa. Sasa tazama ncha ya wembe: imejificha ndani ya kijiti, iko sawa nacho, au imechomoza nje? Vichwa viwili vinaweza kuwa na mwanya sawa, kimoja ncha yake imejificha na kingine inakutangulia kufika shingoni.

Nimebana lenzi ndogo ya kukuza kwenye simu, nikapiga picha kila kichwa kwa ubavu, nikachora mstari juu ya picha. A: ncha iko sawasawa na mstari. B: pia sawasawa, pamoja na mwanya wake mkubwa! C: imechomoza kidogo. D kwenye namba 3: ndani kidogo. Namba 5: sawasawa na mstari. Namba 7: nje, inaonekana hata bila kukuza. Sababu iko wazi kwenye picha: ukingo unaposhuka, mstari unashuka nao, na ncha inabaki peke yake mbele. Kwa hiyo anayezungusha pete ya D anadhani anabadilisha mwanya, kumbe anabadilisha vyote viwili kwa pamoja. E: imechomoza kwa kiasi cha kubahatisha. Kichwa maarufu zaidi cha ukoo huo, Henson AL13 cha Kanada, kiwanda chenyewe kinataja inchi 0.0013, kama milimita 0.03. Simu yangu haiwezi kuthibitisha kitu kidogo hivyo, ila haipingani nacho.

Picha zimeonyesha na jambo la tatu ambalo sikulitafuta. Wembe wa kawaida wa makali kuwili una unene wa milimita 0.1 hivi. Ni karatasi ya chuma. Kichwa huupinda juu ya bamba ili usimame imara, na siri yake ni ile ile ya bati la kuezekea: bati tambarare linayumba, likitiwa migongo unaweza kulikanyaga. Lakini vichwa havishiki wembe mahali pamoja. Kwenye A kofia inaushika mbali na ncha, kipande kinachobaki kinaning'inia hewani. Kwenye E kofia na bamba vinaubana karibu kabisa na ncha. Kwenye C hauning'inii sana, tena umesokotwa, na kitu kilichosokotwa hakitikisiki kirahisi.

Nimechukua kijiti cha meno nikagusa ncha ya wembe kwenye kila kichwa. Kwenye B na A nahisi ikinesa. Kwenye E hapana.

9 Machi

C: vipele 12. Ningefurahi, ila siiamini namba hii.

Wiki iliyopita mvua za kwanza zimenyesha. Tumekinga, na tangu Jumanne nimekuwa nikinyolea maji ya simtanki badala ya maji ya kisima. Maji ya kisima chetu hapa Kigamboni yana chumvi. Sabuni inakatika, inabaki utando mweupe kwenye beseni, brashi unaizungusha dakika nzima unapata mapovu makubwa yanayopasuka kabla hujafika shavuni. Kwa maji ya mvua, sabuni ile ile, brashi ile ile, povu limekuwa zito kama mtindi. Tena udevu uliolowa vizuri ni laini kuukata kuliko mkavu. Anayeoga kwanza ndipo anyoe analijua hilo kwa ngozi yake.

Maana yake A na B vilinyolea maji mabaya, na C nusu kwa nusu. Wiki nane za kazi haziwezi kulinganishwa. Nimekaa nazo usiku mzima. Nimeamua kuanza upya, vichwa vyote, maji ya mvua pekee, na simtanki imefungwa kufuli.

24 Machi

A, maji ya mvua: vipele 11.

Kutoka 17 hadi 11 kwa kubadilisha maji. Natamani kila anayehangaika na vipele aijue namba hii kabla hajatumia hata shilingi kununua kinyoleo kingine. Kama huna mvua, chemsha maji ya kunywa lita moja, inatosha kunyoa mara mbili.

Nilimpitia kinyozi wangu nikamweleza. Ni kijana, ananiita braza. Akasema, "Braza, mimi hapa nawawekea taulo la moto dakika tatu, watu wanadhani ni mbwembwe." Kisha akanitazama nilivyoshika mpini akasema nabonyeza. Nilikuwa nabonyeza kweli.

13 Aprili

C, maji ya mvua: vipele 8. Nilijikata mara moja, siku ya kwanza, chini ya sikio, kwa sababu nilikiinamisha ili "kunyoosha" kile kinachoonekana kimepinda. Hakitaki kunyooshwa. Unakivuta moja kwa moja kama vingine, na ule mshazari uliomo ndani yake unafanya kazi wenyewe. Mkata miwa hapigi panga kwa mkabala, hupiga kwa mshazari, na bua linakubali. Hapa ni hivyo, kwa kipimo cha udevu.

Kati ya vyote hiki ndicho kinachonifurahisha mkononi. Hakuna kuvutwa hata pale kwenye mduara wa chini ya taya.

3 Mei

B, maji ya mvua: vipele 12.

Kwa hiyo 11 na 12. Mwanya 0.60 na mwanya 0.80, ukingo mzima na meno, na tofauti ni kipele kimoja. Nimesikia watu wazima wakibishana kuhusu meno na ukingo kama wanabishana kuhusu Simba na Yanga. Kwa shingo yangu, ndevu za siku mbili, halina uzito huo. Vichwa hivi viwili vina mambo mawili yanayofanana: ncha iko sawa na mstari, na wembe unaning'inia.

29 Mei

D, mara nne kwa kila namba, wembe mpya kila namba, na mapumziko mafupi katikati. Namba 3: vipele 10. Namba 5: vipele 13. Namba 7: vipele 21.

Namba 7 ilininyoa laini kuliko kitu chochote mwaka huu. Siku ya kwanza nilipitisha kiganja shingoni nikasikia kama shavu la mtoto, nikamwita mke wangu apapase. Baada ya siku mbili akahesabu 21. Ulaini ule ulikuwa vipele ambavyo bado havijatoka.

Naandika hili kwa uzito kwa ajili ya vijana: usikipime kinyoleo kwa kiganja dakika tano baada ya kunyoa. Kipime kesho kutwa.

15 Juni

E, maji ya mvua: vipele 4.

Amehesabu mara mbili, kisha akauliza kama nimeacha kunyoa. Hajui bado ni kichwa kipi.

E hakinyoi karibu kama C, wala hakikaribii namba 7 ya D. Jioni ya siku ile ile ukipapasa kinyume unazisikia. Pia kinakulazimisha pembe yake: kofia lazima iguse ngozi, mpini ukae mbali na uso, ukiushusha kinateleza bila kukata. Ilinichukua mara mbili kuzoea. Ila kuvuta, hakuna kabisa.

Nimeziweka namba zote mezani. Mwanzoni niliamini suala ni ukaribu pekee, kwamba kichwa kinachokata juu zaidi ndicho kitakachoshinda. Ingekuwa hivyo, D kwenye namba 3, ambacho ncha yake imejificha ndani ya mstari, kingeshinda E na C ambazo zimechomoza. Hakikushinda. Kimepata 10, jirani na A.

Ninavyosoma mimi, adui ni kuvutwa. Wembe unaonesa unapokutana na udevu hausimami. Unarudi nyuma kidogo, unaukokota udevu, ndipo unakata, na kisiki kinarudi chini ya ngozi. Yaani wembe mmoja usioshikwa vizuri unafanya kazi ya nyembe mbili. Maji ya chumvi nayo yanafanya kazi hiyo hiyo, kwa sababu udevu mkavu unashikilia. C na E, kimoja kwa kuusokota wembe na kingine kwa kuubana karibu na ncha, vyote vinaunyima nafasi ya kunesa. Kuchomoza nako kuna sehemu yake, D namba 7 haidanganyi. Ila wembe uliobanwa barabara unaweza kuchomoza unywele mmoja bila kukudhuru, na wembe unaonesa haukuachi salama hata ukiufunika.

Limebaki shaka moja. Nimekuwa nikinyoa hivi kwa miezi mitano, mkono umekuwa mwepesi, sibonyezi tena. Huenda E kimepata 4 kwa sababu tu kilikuja mwisho.

3 Julai

Nimerudi A. Mara sita, sheria zile zile, maji ya mvua yaliyobaki chini ya simtanki, nimeyachuja kwa kitambaa. Kama ni mkono uliobadilika, A nacho kingeshuka hadi nne au tano.

Mke wangu amehesabu dirishani saa nne. Kumi.

Kinyoleo cha mjomba nimekisafisha kwa mswaki, nimekipaka mafuta kwenye skrubu na kukirudisha kwenye kisanduku chake. Ndugu yangu wa Tanga, ambaye ndevu zake zimenyooka kama za baba, amekiomba, na Jumapili kuna mtu anakwenda. Kesho kutwa nanyoa kwa E, wembe mpya.